Benchi Lililokatwa Mara Kumi na Moja

Mke wa Fundi Randa alimpa maagizo matatu asubuhi ile: aweke saini kwenye fomu ya binti yao, aifikishe shuleni kabla ya saa sita, na asipite kijiweni. Saa nne kasorobo Fundi alikuwa kijiweni, fomu iko mfukoni mwa shati, saini haipo. Tusimlaumu sana. Kati ya nyumba yake na shule kuna njia mbili, na ile isiyopita kijiweni haina kahawa. Kijiwe chenyewe kipo pembeni mwa barabara, baina ya kibanda cha kinyozi na ukuta mrefu wa ghala, na mali yake yote ni birika la Bi Birika, kigoda chake cha miguu mitatu, na benchi moja la mbao ngumu ambalo Fundi alilitengeneza kwa mikono yake miaka kumi na mmoja iliyopita. Benchi hilo linayumba. Limeyumba tangu siku ya kwanza. Kila mwaka wenye kijiwe humcheka Fundi mpaka anaona haya, analibeba hadi karakana, anaukata ule mguu walioushitaki, anaona sasa umekuwa mfupi, anaikata na mitatu mingine iufuate, analirudisha, na linayumba tena. Lilipokuwa jipya lilifika magotini. Siku hizi limebaki shubiri moja na vidole vitatu, na mtu akikaa hapo magoti yanampanda mpaka kifuani, anakunywa kahawa kama anayejificha nyuma ya miguu yake mwenyewe.

Siku hiyo walikuwepo watatu wa kila siku. Kwenye ncha yenye kivuli alikaa Mwenyekiti, karani mstaafu, ambaye si mwenyekiti wa kitu chochote isipokuwa ncha ile. Katikati ni Profesa, kinyozi wa hapo kibandani, aliyepata jina kwa sababu ya miwani yake, ambayo vioo vyake ni kama vya dirisha tu, havisaidii wala havidhuru. Upande wa jua ni Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Aliitwa hivyo kwa sababu maneno yake hayana.

Fundi alisalimia, akakaa, benchi likainama upande wake, kahawa ya Breki ikamwagikia kidole.

Breki: Fundi! Hili benchi lako litatuua.

Fundi: Nitalitazama.

Breki: Usilitazame, likate. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kata kidogo kidogo, siku moja litatulia.

Profesa: Siku moja litakwisha. Tutakuwa tumekaa chini, tunaambiana tuko kwenye benchi.

Mwenyekiti: Mbona kigoda cha Bi Birika hakiyumbi? Kilitengenezwa na fundi mwingine, nasikia.

Bi Birika aliendelea kumimina. Yeye alikuwa na birika lake, na birika linatosha kumshughulisha mtu mwenye akili. Fundi alimeza lile dongo pamoja na kahawa, kisha akatoa fomu mfukoni polepole, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe.

Fundi: Nilikuwa nataka ushauri kidogo.

Hapo ndipo alipokosea. Kijiweni hakuna ushauri kidogo.

Mwenyekiti: Leta hapa. Mimi na fomu tunajuana tangu ujana.

Akaishika mbali na macho, akaisogeza, akaisoma kwa sauti ya ofisini: masomo matatu ya miaka miwili ya mwisho. La kwanza Hisabati. La pili Hisabati ya Juu. La tatu Fizikia. Akaishusha mapajani.

Mwenyekiti: Fundi, huyu mtoto mlimkosea nini?

Fundi: Ameyachagua mwenyewe. Anataka kuomba chuo kikuu, digrii ya hisabati. Mwalimu wake anasema bila Hisabati ya Juu itakuwa taabu kumpokea, na wakimpokea itakuwa taabu kuwafuata wenzake. Kuna na mtihani wa kuingilia. Ameshaanza kujiandaa, anaamka alfajiri kabla ya jogoo.

Breki: Digrii nzima? Ya hesabu tupu?

Profesa: Bila hata kitu cha kuteremshia.

Mwenyekiti: Na mbona ameandika kwa penseli?

Fundi: Shule ndiyo inataka hivyo. Mtoto anaandika kwa penseli, mzazi akiridhika anapitisha wino na kuweka saini. Saa sita wanafunga.

Mwenyekiti: Kumbe bado yanafutika! Mbona hukusema mapema? Bi Birika, tuongeze.

Fundi alitaka kusema kwamba hakuja kufuta. Lakini hakusema, kwa sababu hakuwa na hakika. Yeye mwenyewe shule iliishia darasa la sita, siku mwalimu wa hesabu alipomwambia mbele ya wenzake kwamba kichwa chake ni mbao, naye akaichukua kauli ile kama ushauri wa kazi. Akawa seremala, akaoa, akapata binti mmoja tu, na binti huyo tangu mdogo alikuwa akikaa karakana kwenye rundo la maranda, anamuuliza maswali. Kwa nini pembe hii ni sawa na ile? Kwa nini ukikata hivi inabaki hivi? Mwanzoni Fundi alijua majibu. Siku hizi alikuwa anajibu "ndivyo ilivyo". Hesabu zenyewe hazikumtisha. Kilichomtisha ni siku ambayo mwanawe atajua kwa ukamilifu mambo yote ambayo baba yake hayajui, na hiyo fomu ilikuwa ndiyo mlango wa siku hiyo. Hilo halisemeki kijiweni, basi akauliza jingine.

Fundi: Ninyi mnaonaje? Hisabati ina kazi?

Mwenyekiti: Tusidanganyane. Hisabati imekwisha. Namba zote zimeshagunduliwa. Moja ipo, mbili ipo, mia ipo. Huyo mtoto atakwenda kuongeza ipi?

Breki: Labda zile za juu sana.

Mwenyekiti: Hata hizo unachukua ya mwisho unaongeza moja. Mimi nimekaa ofisini miaka thelathini na miwili, sijawahi kuletewa namba ambayo sikuijua.

Profesa: Mimi siongei kwa kubahatisha, mimi nimewahi kumshika mtu wa hisabati kichwani. Kwa mikono hii.

Breki: Akasemaje?

Profesa: Alikuja kunyoa. Mtu mzima, ana nywele nyingi kichwani kuliko ndevu kidevuni. Nikawa nachana, ananiambia, ndugu, unaona hapo kisogoni nywele zinapozunguka? Nikamwambia naona. Akasema hata ukiwa na mpira ulioota nywele kila mahali, huwezi kuuchana wote zikalala. Lazima pabaki mahali zinasimama.

Fundi: Ni kweli?

Profesa: Nitajuaje? Nilimnyoa kipara, tatizo likaisha. Wenzake chuo kizima wanalihangaikia, mimi nimelimaliza kwa dakika kumi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi ndiye ninayezikata.

Wakacheka, benchi likacheka nao, likaenda mbele na kurudi nyuma. Fundi akatazama mguu wa kushoto. Wiki iliyopita walikuwa wameushitaki wa kulia.

Breki: Na hasi je? Mnaijua hasi? Mpwa wangu alifundishwa. Namba iliyo chini ya hakuna. Mimi nimeendesha lori nchi kavu na kwenye matope, nimepakia ng'ombe, nimepakia saruji, sijawahi kupakia mbuzi hasi watano.

Profesa: Ungejuaje? Labda ndio wale waliokuwa wanapungua njiani.

Breki: Basi hiyo ndiyo Hisabati ya Juu! Kuhesabu visivyokuwepo. Na mkishazoesha mtoto kuhesabu visivyokuwepo, kuna siku atakaa sebuleni anasalimia watu hakuna.

Mwenyekiti: Ndivyo wanavyoanza. Kwanza wanaacha kula, halafu wanaandika ukutani, mwisho wanakuwa wanajua tarehe ya kufa ya kila mtu na hawasemi. Nimesikia kuna chuo, sitakitaja, wana daftari.

Fundi: La tarehe za kufa?

Mwenyekiti: Sitakitaja, nimesema.

Profesa: Hapo sasa nimeelewa kwa nini yule wa kipara aliniangalia kwa huruma.

Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda pale. Jambo linaingia likiwa dogo na lenye afya, linatoka limevimba. Bi Birika aliwamiminia, akasema kahawa imebaki ya mzunguko mmoja tu, na kwamba saa ya kwenye duka la mbele ilikuwa imeshafika saa tano. Alimtazama Fundi alipoitaja saa.

Mwenyekiti: Tufunge kazi. Mtoto lazima aokolewe, na samaki mkunje angali mbichi.

Fundi: Ana miaka kumi na saba.

Mwenyekiti: Basi mkunje haraka. La kwanza tuandike Historia. Nchi hii haina watu wanaokumbuka. Mimi nina mambo ya ofisini ya miaka thelathini na miwili, hakuna hata mmoja anayekuja kuniuliza.

Profesa: La pili Biolojia. Awe daktari wa magoti. Haya yangu tangu benchi lifupishwe hayakunjuki, nikisimama asubuhi yanalia kama mlango.

Breki: La tatu Jiografia. Ajue barabara.

Fundi: Barabara za kwenda wapi?

Breki: Zote. Akijua barabara zote, hawezi kupotea, na asiyepotea anafika. Mchagua jembe si mkulima.

Profesa: Hiyo inahusu nini hapa?

Breki: Inahusu kuchagua.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba kila mmoja alikuwa amemchagulia mtoto wa mwenzake dawa ya maumivu yake mwenyewe. Fundi aliona. Si mjinga. Alinyoosha mkono aichukue fomu, na huenda mambo yangeishia hapo, lakini alipoivuta, ikadondoka karatasi nyingine iliyokuwa imekunjwa ndani. Profesa aliidaka kabla haijafika chini.

Profesa: Na hii?

Fundi: Hiyo ni barua anayojaribu kuandika. Chuo kinataka mtu ajieleze kwa nini anataka kusoma hisabati. Mwalimu amewaambia waanze mapema. Bado hajamaliza, irudishe.

Lakini kumwambia kinyozi airudishe barua ni sawa na kumwambia asisikilize habari za mteja. Profesa aliweka miwani sawa, akasoma:

"Kwa wahusika. Baba yangu ni seremala. Ametengeneza benchi moja mara kumi na moja, na bado linayumba."

Kijiwe kililipuka. Mwenyekiti alishika mbavu, Breki akapiga paja la jirani yake, benchi likayumba mpaka vikombe vyote vikamwagika. Profesa alishindwa kuendelea, machozi yalimjaa nyuma ya vioo vya dirisha.

Breki: Mpaka chuo kikuu! Limefika mpaka chuo kikuu!

Mwenyekiti: Mtoto wako mwenyewe, Fundi. Aibu ya nyumbani ameitia kwenye bahasha.

Miaka kumi na mmoja ya madongo ya wazee hawa Fundi alikuwa ameibeba kama mtu anavyobeba mbao begani, amezoea, hahesabu. Hili lilimwingia mahali pengine kabisa. Alimwona binti yake pale kwenye rundo la maranda, anamtazama akikata, mwaka baada ya mwaka, na kumbe naye alikuwa anahesabu. Kumi na moja. Hata yeye mwenyewe hakuwa na uhakika kama ni kumi au kumi na moja. Iliuma sana, na mtu akiumia hutafuta wa kumuumiza.

Fundi: Haya. Badilisheni.

Mwenyekiti: Yote?

Fundi: Yote. Na barua pia.

Walishangaa kidogo, maana hawakuzoea kusikilizwa. Kisha wakakunja mikono ya mashati. Mwenyekiti akatoa kalamu ya wino aliyopewa siku ya kustaafu, ambayo hutoka mfukoni kwa mambo mazito tu. Profesa akageuza barua upande mweupe.

Mwenyekiti: Tuanze na barua, inipashe mkono moto. Naandika: Mimi ni yatima.

Fundi: Mimi niko hapa!

Mwenyekiti: Tunajua uko hapa. Hatusemi umekufa, tunasema yatima. Vyuo haviwezi kumkataa yatima.

Fundi: Na mama yake?

Mwenyekiti: Yatima wa pande zote mbili ni bora zaidi. Kaa kando kidogo kwa ajili ya mwanao, Fundi, mzazi ni kujitolea.

Breki: Wahenga walisema asiye na baba aeleke jiwe.

Profesa: Hawakusema hivyo.

Breki: Wangesema, wangekuwepo hapa.

Profesa: Weka na maradhi. Yatima mwenye kikohozi.

Mwenyekiti: Kikohozi kidogo, wasije wakaogopa kumweka bwenini. Haya, barua imekwisha, mistari imepinda lakini itanakiliwa upya, fomu ndiyo haitaki kupinda. Leteni fomu.

Mwenyekiti akaiweka fomu juu ya benchi, baina yake na Profesa, akaifuta penseli ya kwanza kwa jicho, mkono bado haujaigusa, akavua kofia ya kalamu. Alipoiteremsha ncha, Breki akajikuna mguu. Benchi likainama. Kalamu ikachora hewa.

Mwenyekiti: Tulieni!

Wakatulia. Akateremsha tena. Safari hii ni Profesa, alikuwa anavuta pumzi akiinama aone vizuri. Benchi likarudi upande ule.

Mwenyekiti: Fundi, kweli wewe ni fundi? Mtu hawezi hata kumwandikia mwanao Historia kwenye kitu chako!

Fundi: Shika pajani uandike.

Mwenyekiti: Magoti yako kifuani, paja liko wapi?

Ilikuwa kweli. Benchi lile lilikuwa limekatwa mpaka hapakuwa na mtu mwenye paja. Mwenyekiti akawaamuru wote washike pumzi, Breki ahesabu mpaka tatu. Breki akafika mbili.

— Shikamooni, wazee.

Binti wa Fundi alikuwa amesimama nyuma yao, sare imejaa vumbi, amekimbia. Begani ana mkoba uliochakaa pembe kwa uzito wa vitabu. Mama yake alikuwa amempa ujumbe mfupi kupitia kwa jirani: fomu iko kijiweni, baba yako pia. Ilikuwa saa tano na nusu.

Wakaitikia marahaba, sauti zimepanda kidogo kuliko kawaida, kama watoto waliokutwa jikoni. Mwenyekiti akaifunika fomu kwa kiganja. Haikusaidia, kiganja cha karani si blanketi. Binti aliiona fomu, akaiona kalamu, akaiona barua yake imegeuzwa, akasoma neno yatima kichwa chini miguu juu. Hakulia wala hakufoka. Alimtazama baba yake, na baba yake akatazama mguu wa kushoto wa benchi.

Binti: Baba, mmebadilisha?

Fundi: Bado. Linayumba.

Mwenyekiti: Tunakutengenezea maisha, binti yangu. Hisabati tumeijadili, tumeona haina kitu. Baba yako mwenyewe ni shahidi.

Binti aliinama, akaliminya benchi kwa mkono. Likaenda. Akaliminya ng'ambo. Likarudi. Breki akainua kikombe chake juu.

Binti: Baba, hili likiwa karakana, kwenye saruji, linayumba?

Fundi: Hapana. Huko linakaa kama limepigiliwa.

Binti: Mara zote kumi na moja?

Fundi: Mara zote.

Binti: Sasa kama huko haliyumbi na hapa linayumba, kwa nini mnakata benchi?

Lilikuwa swali dogo, halina hata neno la shule. Profesa alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kazi hata ikiwa safi. Breki alitafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu hakuipata. Barabarani mtu alipita na mkokoteni, na kila mmoja akaufuata kwa macho mpaka ulipoishia, kwa shukrani.

Binti: Mmewahi kuligeuza?

Breki: Kuligeuza vipi?

Binti: Simameni kidogo. Samahani, wazee wangu.

Walisimama, magoti ya Profesa yakalia kama mlango. Binti akashika ncha moja, akamtazama baba yake, naye akashika nyingine. Wakalizungusha pale pale lilipo, taratibu, kama mtu anayegeuza sufuria motoni. Akaliminya, likayumba. Wakalisogeza tena kidogo. Likayumba, lakini kwa uchovu. Kidogo tena. Binti akaliminya huku, akaliminya kule, kisha akapanda juu yake na viatu vyake vya shule akasimama. Halikutikisika.

Breki: Umeweka nini chini?

Binti: Sijaweka kitu. Ardhi hapa ina mabonde na vilima, lakini haijakatika. Ukiligeuza polepole, lazima pawepo mahali miguu yote minne inagusa. Kigoda cha Bi Birika kina mitatu, hicho hakina hata namna ya kuyumba.

Mwenyekiti: Lazima? Nani kasema lazima?

Binti: Imethibitishwa.

Breki: Walikuja lini? Mimi niko hapa kila siku, sijaona mtu amekuja kupima.

Binti: Hawakuja. Hawahitaji kuja, mzee. Ndiyo raha yake.

Kwa kweli hilo liliwapiga kuliko swali. Watu wasiojulikana, mahali wasipopajua, walikuwa wamelimaliza benchi lao bila kuliona. Binti akashuka, akalipangusa kwa kiganja pale alipokanyaga.

Binti: Sharti lake ni moja tu. Miguu iwe sawasawa kabisa. Fundi akikosea hata unywele, haikubali.

Kisha akaichukua barua yake mkononi mwa Profesa, akaigeuza upande wake, akampa baba yake. Fundi hasomi haraka. Alipita kwa kidole, neno kwa neno, mstari wa kwanza ambao tayari ulikuwa umemchoma, akaufikia wa pili ambao hakuna aliyekuwa na subira ya kuufikia.

"Kila mara miguu ilikuwa sawa. Nililala chini karakana nikaipima mwenyewe, mara zote kumi na moja. Kosa halikuwa la baba yangu, na nataka kusoma mpaka niweze kulieleza hilo kwa namna ambayo hakuna mtu atakayebisha."

Fundi alisoma mara mbili. Akajifanya anatafuta kalamu, na kalamu ilikuwa mbele yake. Aliichukua mkononi mwa Mwenyekiti bila kuomba, akapiga goti, akaiweka fomu juu ya benchi. Akapitisha wino juu ya penseli, herufi moja moja, hakuvuka mstari. Hisabati. Hisabati ya Juu. Fizikia. Chini akaweka saini. Benchi halikusogea hata kidogo, na saini ile ilitoka nzuri kuliko ile aliyoweka siku ya ndoa yake.

Fundi: Kimbia, mama. Barua imalizie, upande wa pili ufute.

Binti: Wameandika kwa wino.

Fundi: Basi nunua karatasi nyingine. Na uwaambie huko chuoni baba yako yu hai.

Alicheka, akaipokea fomu kwa mikono miwili, akakimbia. Walimtazama mpaka kona. Saa ya dukani ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na saba, na Fundi anajua miguu ya mwanawe.

Wazee wakakaa. Benchi lilikuwa kimya chini yao, na kimya hicho hakikuwapendeza. Sasa lilikuwa limelala mshazari, ncha moja imeelekea ghala, na Mwenyekiti akajikuta juani uso kwa uso na ukuta.

Mwenyekiti: Sasa huku tutatazama nini?

Profesa: Tofali. Nimeshahesabu kumi na nne.

Breki: Mtu akipita nyuma hatutamwona. Tutajuaje kapita na nani?

Mwenyekiti: Na kivuli changu? Benchi la kijiwe ni la kuona barabara. Halikuwekwa kwa ajili ya kutulia. Shikeni huko.

Wakalishika, watatu, likarudi palepale lilipokuwa miaka kumi na mmoja. Mwenyekiti akaingia kivulini mwake, Profesa akakaa, Breki akakaa, benchi likainama kama kawaida, na kahawa ya mwisho ya Bi Birika ikamwagikia suruali ya Breki. Wote watatu, bila kupanga, wakageuka kumtazama Fundi.

Breki: Fundi, ni ule wa kulia. Kesho uje na msumeno.

Fundi Randa alikuwa bado amesimama. Alichomoa penseli yake sikioni, akaitazama, akairudisha.

Fundi: Miguu yangu iko sawa.

Hakuwahi kulisema hilo kabla ya siku ile. Aliwaaga, akashika njia ya karakana, na nyuma yake akasikia wanaanza kubishana ni nani aliyekaa vibaya. Breki alinyoosha kikombe kwa Bi Birika. Bi Birika akalipindua birika mbele yake, halikutoka hata tone.